Kumkabidhi mwenzio maktaba ya programu huria, hatua kwa hatua

Wanaouliza wana hali tofauti, lakini swali ni moja. Mmoja kapata kazi Muscat na hana tena usiku wa kukaa na msimbo (maandishi ya programu). Mwengine kajifungua, na watu bado wanamletea kasoro za kurekebisha. Wa tatu kamaliza chuo, na maktaba (msimbo ulioachwa wazi ili programu za wengine ziutumie) aliyoiandika kwa mradi wa mwaka wa mwisho sasa inatumiwa na watu asiowajua hata kwa sura. Wote wanataka kujua: nimpe nani, nianzie wapi, na nitajuaje kama niliyempa ni mtu wa kuaminika?

Nimeuandika mwongozo huu ili nisiwajibu nusu nusu kwenye WhatsApp. Nilikuwa natunza maktaba ndogo ya Python (lugha ya kuandikia programu) inayobadili saa za Kiswahili kuwa saa za kompyuta. Unaipa "saa 2 na robo usiku", inakurudishia 20:15. Nimeikabidhi mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, mara ya pili ilikwenda sawa, na hatua hizi zimetoka kwenye mara zote mbili.

Sisi wa Unguja tunaijua hatari ya kutegemea njia moja. Disemba 2009 umeme uliokuwa ukitufikia kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Maktaba ambayo mtu mmoja tu ndiye mwenye funguo zake iko katika hali hiyo hiyo. Kwa hivyo hata kama huna nia ya kuondoka, soma mpaka hatua ya 4.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Uwezo wa kuingia mwenyewe, leo, kwenye akaunti zote: GitHub (unapokaa msimbo), PyPI au npm (maghala ya mtandaoni ambako maktaba za Python na za JavaScript huchapishwa kama vifurushi), tovuti ya maelezo, na jina la kikoa (anwani ya tovuti) kama lipo. Usiseme "naijua nywila". Ingia uone.
- Kodi za akiba (namba za siri za dharura) za uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kisha namba kutoka kwenye simu. Ziwe zimeandikwa karatasini na ziko mahali unapopajua. PyPI inamlazimisha kila mtu kutumia uthibitishaji huo tangu mwanzo wa 2024, na simu ikifa bila kodi hizo umefungiwa nje.
- Majaribio (msimbo mdogo unaokagua kama maktaba inafanya kazi) yanayopita kwenye kompyuta isiyokuwa yako.
- Miezi 2 au 3. Anayekwambia inawezekana kwa siku moja anazungumzia kubonyeza kitufe tu.
- Tarehe isiyogongana na mambo mengine. Usipange toleo la kwanza la mwenzio kumi la mwisho la Ramadhani, wala wiki ya mitihani yake.

Hatua

1. Orodhesha kila mlango. Chukua karatasi, uandike kila mahali ambapo maktaba yako inakutambua wewe binafsi. Wengi huandika ripo (ghala la msimbo kwenye GitHub) na kuishia hapo. Endelea: ukurasa wa kuchapishia vifurushi, tokeni (funguo za siri za kidijitali) zilizomo kwenye mitambo inayojaribu na kuchapisha yenyewe, tovuti ya maelezo, barua pepe iliyotajwa kwenye faili la SECURITY, kiungo cha michango ya fedha, kundi la Telegram, kikoa. Mbele ya kila kimoja andika nani anaweza kumuongeza mtu mwengine. Ukiona jina lako peke yake mstari baada ya mstari, hapo ndipo kazi ilipo.

2. Sema wazi kwamba unatafuta mtu. Weka maneno mawili matatu juu kabisa ya faili la README (maelezo ambayo kila anayefungua ripo huyaona kwanza): unaacha lini, kazi inachukua saa ngapi kwa mwezi, na unataka mtu wa aina gani. Usione haya. Watu wengi wanaotumia maktaba yako hawajui kwamba umechoka, na baadhi yao wangesaidia wangejua. Niliyempata mimi mara ya pili alikuwa ameitumia maktaba kwa miaka 2 bila kuniandikia hata neno. Ni mwalimu wa kompyuta Wete, na alijitokeza siku mbili baada ya tangazo.

3. Mchague kwa kazi aliyoifanya, si kwa maombi aliyoyaandika. Hatua hii ina visa viwili ambavyo kila mtunzaji anapaswa kuvijua.

Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba ya JavaScript iitwayo event-stream aliandikiwa barua pepe na mtu asiyemjua aliyejitolea kuitunza. Akampa. Mgeni yule akaongeza tegemezi moja dogo (maktaba nyengine inayotumiwa na hiyo), na ndani yake mlikuwa na msimbo uliofichwa wa kuiba Bitcoin kwenye Copay, programu ya kuhifadhia sarafu hizo za kidijitali. Mtunzaji wa kwanza hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, na haitumii tena maktaba ile.

Kisa cha pili ni cha xz, maktaba ya kukandamiza data iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia 2021, akafanya kazi halali kwa muda mrefu, huku akaunti nyengine zikimsukuma mtunzaji kwamba anachelewa na lazima aongeze mtu. Akaongezwa. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia. Mhandisi Andres Freund aliugundua Machi 2024, kwa sababu tu aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida na hakukubali kulipuuza hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Angalia michango yake kwenye miradi mingine na urudi nyuma angalau mwaka. Zungumza naye kwa sauti, na kwa video kama mtandao unaruhusu. Muulize anaitumia maktaba yako wapi, kwa sababu mwenye sababu ya kuitumia atakuwa na sababu ya kuitunza. Na ukihisi unasukumwa uharakishe, simama. Anayetaka kukusaidia kweli atasubiri.

*Kosa la kawaida:* kumpa rafiki kwa sababu ni rafiki. Kijana mwaminifu asiyekuwa na muda ataiacha maktaba ife polepole, na urafiki wenu utaumia pamoja nayo.

4. Andika sababu, usiishie kwenye maelekezo. Namna ya kuendesha majaribio mrithi ataigundua mwenyewe. Asichoweza kugundua ni kwa nini uliamua hivi badala ya vile.

Nitakupa mfano uliotokea. Kwenye maktaba yangu kulikuwa na mstari mmoja unaopunguza siku moja pale mtu anapoandika "usiku wa Ijumaa". Kwetu pwani siku huanza linapozama jua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa saa 3 ni Alhamisi 21:00 kwenye kompyuta. Ukisema "Ijumaa usiku", hiyo ndiyo Ijumaa 21:00. Niliona ni jambo la wazi, sikuliandika popote wala sikulitungia jaribio. Mrithi wangu wa kwanza anaishi Mwanza, ni fundi mzuri kuliko mimi. Aliuona mstari ule, akaona ni kasoro, akaufuta. Majaribio yote yakapita. Wiki ile mtu wa Makunduchi aliyekuwa akiitumia maktaba kutuma vikumbusho vya hitma akaniandikia: kikumbusho kimefika kesho yake, watu wameshasoma, wameshakula, wameshaondoka.

Kaka yule hakukosea. Mimi ndiye niliyemuachia mstari usiokuwa na maelezo.

Fungua faili, liite MAAMUZI, uandike kila kitu cha ajabu kilichomo kwenye msimbo wako: nini, kwa nini, na nani ataumia kikibadilishwa. Kisha kila kimoja kitungie jaribio, maana faili linaweza lisisomwe lakini jaribio litakataa.

5. Mpe kazi kwanza, funguo baadaye. Wiki za mwanzo apitie maombi ya kuunganisha (mabadiliko ya msimbo) yanayoletwa na wengine, aseme maoni yake, wewe ndiye unayeunganisha. Baadaye mpe ruhusa ya kuandika kwenye ripo lakini ukinge tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), ili badiliko lolote likaguliwe na watu wawili. Usiseme "nipo ukinihitaji" kisha ukanyamaza. Pangeni saa moja kila wiki, mkae pamoja kwenye simu. Sisi tulikaa Jumamosi baada ya Isha.

6. Hamisha ripo. Usiipeleke kwenye akaunti yake binafsi. Tengenezeni shirika la bure kwenye GitHub, nyote wawili muwe wamiliki, na ripo iingie humo. Siku naye atakapochoka hatahitaji kuhamisha kitu, atabadilisha watu tu. Kuhamisha kwenyewe ni kwepesi: ingia Settings, shuka chini kabisa hadi Danger Zone, bonyeza Transfer, andika jina la shirika. Nyota (alama za walioipenda), kasoro zilizoripotiwa na historia yote vinakwenda pamoja.

Viungo vya zamani vitaendelea kuelekeza kwenye anwani mpya. *Lakini usiunde ripo nyengine yenye jina lile lile kwenye akaunti yako ya zamani.* Ukifanya hivyo mwelekeo huo unakatika, na watu watajikuta kwenye ripo tupu. Jua pia kwamba tovuti iliyowekwa kwa GitHub Pages haielekezwi. Anwani yake itabadilika, itangaze.

7. Hamisha haki ya kuchapisha. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilihamisha ripo, nikampongeza mwenzangu wa Mwanza, nikafunga kompyuta. Baada ya muda akarekebisha kasoro niliyoiacha: "saa 12 alfajiri" ilikuwa inatoa 18:00 badala ya 06:00. Akajaribu kuchapisha, PyPI ikamjibu 403, huna ruhusa kwenye mradi huu. Akanipigia. Nikaenda kumuongeza, nikaombwa namba kutoka kwenye simu ambayo ilikuwa imeingia maji mwezi uliopita. Kodi za akiba nilizipata siku ya 11, ndani ya daftari la zamani nyumbani kwa mama. Siku zote hizo rekebisho lilikuwepo kwenye ripo na halikumfikia mtu hata mmoja, na kuna dereva wa watalii aliyepangiwa safari ya jioni wakati wageni wake walimsubiri alfajiri.

Ripo na ukurasa wa kuchapishia ni milango miwili, kila mmoja na ufunguo wake.

Kwenye PyPI fungua mradi, nenda Collaborators, umualike kwa jina lake la akaunti. Atapata barua pepe na lazima akubali. Kuna vyeo viwili: Maintainer anaweza kupakia matoleo lakini hawezi kuongeza watu, na Owner anaweza yote. Anza na cha kwanza, na siku ya kukabidhi rasmi mpandishe cha pili. Kwenye npm amri ni `npm owner add`, ikifuatiwa na jina lake kisha jina la kifurushi, na `npm owner ls` itakuonesha waliomo.

Usimpe nywila yako kamwe, hata kwa dakika tano. Wala usimtumie tokeni yako.

Kama bado unachapisha kutoka kwenye laptop, huu ndio wakati wa kuacha. Weka utaratibu wa GitHub wenyewe kujenga na kuchapisha kila tagi mpya (alama ya toleo) inapowekwa. Sehemu ya hila ya xz ilikuwa ndani ya vifurushi vya toleo tu, haikuonekana kwenye msimbo wa ripo ambao kila mtu anausoma. Kifurushi kikijengwa hadharani kutoka kwenye ripo, njia hiyo inakuwa nyembamba sana.

8. Atoe toleo peke yake, wewe ukiwepo. Kama una nafasi ya hatua moja tu katika zote, fanya hii.

Nilipanda boti mpaka Pemba kwa ajili yake, na sijutii nauli. Tulikaa barazani kwao Wete, laptop juu ya meza ndogo, na tulikubaliana kwamba mimi sigusi kitu. Alikuwa na maelekezo yangu, hatua 9. Ya 4 ilisema: "Ongeza namba ya toleo kama kawaida." Akanigeukia: "Kaka, kama kawaida ya nani?" Namba ile ilikuwa inakaa kwenye mafaili mawili, `pyproject.toml` na `__init__.py`, na mimi kwa miaka nilikuwa nabadilisha yote mawili bila kufikiri. Nikanyamaza. Akabadilisha moja, akaweka tagi, majaribio yakagoma. Alitafuta kwa dakika kumi hivi, akalipata faili la pili, kisha akayaandika upya maelekezo yangu kwa maneno yake. Toleo likatoka kabla ya adhana ya alasiri.

Maelekezo yaliyomo sasa kwenye ripo ni yale aliyoyaandika yeye. Pale anapokwama ndipo palipo na kitu ulichokuwa unakijua kwa mkono na hukukiandika, kwa hiyo usikimbilie kumjibu.

Kama hakuna boti wala nauli, fanyeni kwa simu akikuonesha skrini yake. Cha muhimu vidole viwe vyake.

9. Toa mikono yako. Subiri matoleo 2 yatoke bila wewe. Kisha futa tokeni zako zote za zamani, ondoa jina lako kwenye orodha ya wachapishaji, na kwenye ripo jishushe cheo au ujitoe kabisa. Si suala la kutoaminiana. Akaunti yako usiyoiangalia tena ikidukuliwa, mwizi ataingia kwa mlango wako na lawama itampata mwenzio. Badilisha pia barua pepe ya usalama na kiungo cha michango, fedha isiendelee kuja kwako wakati kazi anaifanya yeye.

Haki miliki ni kitu kingine. Mstari wenye jina lako kwenye leseni ya MIT (ruhusa ya wazi inayotumiwa na miradi mingi) unabaki, yeye anaongeza wake chini yake. Na wala wewe wala yeye hamuwezi kubadili leseni ya vipande walivyoandika wengine bila ridhaa yao.

10. Tangaza. Sema nani, kuanzia lini, na toleo lipi ni la kwanza lake. Weka kwenye README na kwenye maelezo ya toleo. Watu wakiona jina geni linachapisha ghafla watashtuka, na wana haki.

Mambo yanayokwama

*GitHub inakataa kuhamisha.* Mara nyingi ni kwa sababu anayepokea ana ripo yenye jina hilo hilo, au ana nakala aliyoitengeneza kwa kubonyeza Fork. Ahifadhi kazi yake, aifute nakala hiyo, mjaribu tena.

*Alialikwa kupokea ripo, sasa kiungo hakifanyi kazi.* Ukimhamishia mtu binafsi, ana siku moja ya kukubali. Ikipita, anza upya, safari hii mkiwa kwenye simu.

*Uchapishaji wa moja kwa moja umekufa baada ya kuhamisha.* PyPI ilikuwa imesajili jina la mmiliki na la ripo ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya uchapishaji ya mradi, ongeza anwani mpya, ondoa ya zamani. Kama ulitumia siri (kama tokeni) zilizowekwa kwenye shirika la zamani, hizo hazihami, ziwekwe upya.

*PyPI inasema faili lipo tayari.* Namba ya toleo ikishatumika haitumiki tena, hata ukilifuta faili. Ongeza namba, usishindane nayo.

*Mrithi kanyamaza.* Mpe wiki 2, kisha mpigie simu, usimuandikie hadharani. Pengine kafiwa, pengine anaumwa. Ndiyo maana nilisema shirika na wamiliki wawili: mmoja akikosekana, mlango haujafungwa.

*Hajatokea mtu.* Usiiache ikielea. Andika kwenye README kwamba haitunzwi, taja mbadala kama upo, kisha ifunge kwa kuipeleka kwenye kumbukumbu (Archive). Itasomeka lakini haitabadilishwa. Kwenye npm ongeza onyo kwa `npm deprecate`. Usifute kifurushi. Machi 2016 mwandishi wa left-pad alikiondoa kifurushi chake cha mistari 11, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo hiyo.

*Na nikifa?* Niliulizwa hivi na dada mmoja, na ni swali la maana. GitHub ina sehemu ya kumtaja mrithi wa akaunti. Akiwasilisha cheti cha kifo na kusubiri siku 7, au tangazo la kifo na kusubiri siku 21, ataweza kuzisimamia ripo zako za wazi. Mtaje leo, na umwambie kwamba umemtaja.

*Watu bado wananiandikia mimi.* Wataendelea kwa muda mrefu. Usiwarekebishie, hata kama ni mstari mmoja na unaujua ulipo, kwa sababu ukirekebisha mara moja watarudi kwako mara kumi na mwenzio hatajua kilichotokea. Mimi ninayo haya kwenye simu, nanakili na kutuma:

"Ahsante kwa kuripoti. Maktaba hii sasa inatunzwa na mwenzangu, na anaijua kuliko mimi. Tafadhali fungua kasoro kwenye ripo kwa kiungo hiki, eleza ulichoandika na ulichopata. Nami nitaifuatilia huko huko."